Mwaka Shangazi Alipofunga

Mwezi uliopita, kwenye harusi ya mwenzetu wa chuo pale Malukhu, nilisikia shangazi yangu akisimuliwa kama kichekesho. Tulikuwa tumekaa chini ya hema, sisi tuliosoma pamoja Mbale, tumenenepa kidogo na kila mmoja ana cheo cha kutaja, na chakula kilikuwa kimeshapita mara ya kwanza: matoke, wali, nyama, na bakuli la malewa, yale machipukizi ya mianzi yanayopikwa kwa karanga, ambayo Mbale hakuna harusi bila hayo. Bwana mmoja mwenye tai ya kijani, nisiyemjua, aligonga glasi yake ya soda kwa uma akasema, "Ngojeni niwape ya mama mmoja Mnubi wa Jinja." Akaanza. Wakati wa korona mwanajeshi anapita mlango kwa mlango kuuliza nani amefunga biashara na nani hajafunga. Anamkuta mama mwenye hoteli. "Mama, wewe nafunga?" Mama, kwa kuwa ni Ramadhani, anajibu, "Nafunga, afande, alhamdulillahi!" Meza nzima ikaangua kicheko. Akaendelea: mama ananyimwa msaada wa serikali, anafuatilia mpaka Mbale, anaambiwa mfuko umefungwa, na ofisa kwa utani anamwambia, "Kama mfuko umefunga, mama, subiri magharibi." Wakacheka tena, mmoja akajipangusa macho. Msichana aliyekaa mkabala nami akauliza, "Lakini walimpa?" Yule bwana akapunga mkono. "Walimpa, bwana! Serikali si mnyama. Walirekebisha, mama akapata chake, akarudi Jinja anacheka."

Niliweka kijiko chini. Kichekesho kile kilikuwa kweli mpaka pale mwanajeshi anapoondoka mlangoni. Baada ya hapo kilikuwa uongo, na wa aina ninayoichukia kuliko zote, unaompa aliyeumizwa mwisho mzuri ili wasikilizaji wamalize kula kwa raha. Mama yule ana jina. Anaitwa Rukia. Mwaka ule wa korona niliishi naye Nalufenya, Jinja, nikilalia mkeka wake na kula chakula chake, na nilikuwa uani, hatua chache tu, wakati lile swali linaulizwa.

Chuo kilipofungwa kwa ghafla, usafiri nao ukasimamishwa kabla sijajua niende wapi. Nilikuwa nimekwenda Jinja kumsalimia shangazi kwa siku mbili na nguo za siku mbili, nikakwama. Nilikuwa nasoma uchumi, mwaka wa pili, na nilikuwa na tabia ambayo walimu waliisifu darasani na nyumbani ilichosha watu: kila kauli niliiuliza imetoka wapi. Redioni wakisema serikali itawashika mkono wafanyabiashara, mimi nauliza mkono upi, na utamshika nani kwanza. Shangazi alikuwa akinikatiza bila hasira. "Zubeda, redio haikusikii. Leta unga."

Hoteli yake ilikuwa chumba kimoja kinachotazama barabara, na nyuma yake ua wenye jiko la kuni, bomba, na kibanda cha mabati ambamo tulilala. Mbele kulikuwa na meza nne na mabenchi yake, ukutani kalenda yenye picha ya Al-Kaaba, na harufu ya iliki iliyokuwa imeshaingia kwenye mbao zenyewe. Alipika pilau, maharagwe, samaki wa ziwani, lakini watu walimfuata kwa ajili ya kisra, ile mikate myembamba ya Kinubi ya unga uliochachuka, anayoimwaga juu ya kikaango kipana na kuisambaza kwa kipande cha kuti upesi kuliko jicho. Wateja walimwita Hajati ingawa hakuwa amefika Maka. Alikuwa amechoka kuwasahihisha. Kwake Kiswahili ni lugha ya nyumbani, pamoja na Kinubi, maana wazee wake waliletwa Uganda kutoka Sudani wakiwa askari. Kwa majirani zake wengi Kiswahili ni lugha ya kizuizi cha barabarani. Ukisemeshwa kwa Kiswahili unajibu kifupi, unaangalia chini, na humuulizi aliyekusemesha anamaanisha nini, kwa sababu wazee wako walikufundisha kwamba anayeongea Kiswahili ana bunduki. Jambo hilo nililijua tangu utoto kama ninavyojua kwamba moto unaunguza. Sikuwahi kuliona likifanya kazi mchana kweupe mpaka mwaka ule.

Amri zilipokuja, watu wakakatazwa kukaa na kula. Shangazi akapindua mabenchi juu ya meza, akaacha mlango wa mbele wazi nusu, akaendelea kupika uani kwa wanaobeba. Walikuja walinzi, wauguzi wanaotoka zamu, madereva wa malori ya mizigo. Haikuwa biashara ya kujivunia, ila sufuria zilipanda motoni kila siku. Ramadhani ilipoingia ikawa afadhali kidogo, kwa sababu kafyu ilianza saa moja jioni, karibu kabisa na adhana ya magharibi, na watu waliofunga walitaka futari iwe mkononi kabla ya hapo. Kuanzia alasiri moshi wetu ulionekana mpaka barabarani. Nalitaja hili kwa makusudi. Moshi ulikuwepo.

Siku ile mimi nilikuwa kwenye kikaango, shangazi alikuwa mbele anafuta meza zisizokaliwa na mtu. Nilisikia buti, kisha sauti nzito, ya upole, sauti ya mtu wa kaskazini ambaye "sh" zake zote ni "s".

"Mama, salama?"

"Salama, afande. Karibu."

"Sisi natembea kwa biasara yote. Wewe nafunga?"

"Nafunga, afande, alhamdulillahi."

"Pole sana, mama. Toka lini?"

"Toka mwezi uandame, afande."

"Toka mwezi..." Nikasikia anarudia, kama mtu anayehesabu nyuma. "Ni ngumu sana?"

"Siku za mwanzo, afande. Baadaye mwili unazoea."

"Mungu akusaidie, mama."

"Amina. Nawe pia."

Mnaona adabu ile? Hakuna aliyemkosea mwenzake hata kwa neno moja. Katika Kiswahili cha kambini wakati hauna shughuli nyingi. "Nafunga" inaweza kuwa jana, leo, au kila siku, ya kwako au ya kwangu. Shangazi aliongea naye kwa Kiswahili chake mwenyewe afande ili asimtie aibu. Mgeni anaingia mchana wa Ramadhani, anamkuta mwanamke amejitanda mtandio, anamuuliza kama amefunga, anampa pole, anamwombea dua. Mimi pale uani nilisikia kila neno na nikaelewa kama shangazi alivyoelewa. Nilifikiri hata, huyu afande kalelewa vizuri.

Mlango uliofuata ulikuwa wa Waiswa, kinyozi. Saluni zilikuwa zimepigwa marufuku kabisa. Waiswa alikuwa ameshauza mashine zake za kunyolea, kioo kimebaki kwa sababu hakikupata mnunuzi, mlango una kufuli, na yeye alikuwa anashinda nje kwenye kiti cha plastiki akitukana virusi. Alikuwa amesikiliza mazungumzo yote ya shangazi. Afande alipomgeukia na kuuliza, "Na wewe? Wewe nafunga?" Waiswa akaruka kama ametuhumiwa.

"Mimi? Hapana, afande! Mimi sifungi hata siku moja. Mimi mtu ya kanisa. Mimi nakula tu!"

"Wewe nakula?"

"Kila siku, afande. Asubuhi na jioni."

"Sawa. Vizuri."

Nyuma ya afande alikuwepo mtu wa ofisi ya mji mwenye kopo la rangi nyekundu na brashi. Kwenye mlango wa Waiswa, juu kidogo ya kufuli, akachora duara. Kwenye mlango wa shangazi, uliokuwa wazi nusu huku moshi unatoka nyuma yake, akachora msalaba. Walikuwa wamevaa barakoa wote wawili, na nadhani siku ile pua zao zilikuwa likizo. Wakaenda zao. Shangazi akatoka kutazama.

Waiswa akacheka mpaka kiti kikalia. "Hajati! Wamekubatiza bila maji!"

"Nyamaza, kafiri wee. Hii ni alama gani?"

"Sijui. Labda wameandika dini. Wewe wamekosea, mimi wameniwekea yai."

Baada ya wiki moja spika iliyofungwa juu ya gari ilipita ikieleza. Duara ni biashara hai iliyoumizwa na amri za korona: itapewa mtaji wa kuinuka na itasamehewa leseni. Msalaba ni biashara iliyokufa, na mfuko ni wa walio hai. Mwenye nyumba, ambaye mpaka hapo alikuwa akisubiri kodi kwa uvumilivu wa kusifika, akaja jioni ileile kuikagua safu yake ya milango. Alisema waziwazi kwamba wenye duara atawangojea, maana mtaji unakuja. Wenye msalaba waanze kufikiria vyombo vyao watavipeleka wapi. Kwa hiyo kilichokuwa hatarini kilijulikana tangu siku ile: chumba kile, meza nne na jiko lile, miaka yote ya mikono ya shangazi, vilikuwa vinaning'inia kwenye mistari miwili ya rangi iliyopishana.

Pale Nalufenya watu wakaanza kunong'ona kwamba muuza nyama wa Kiislamu naye kapigwa msalaba, na fundi wa kanzu pia, na kwamba hayo si bure. Nilitamani iwe hivyo. Njama ina mwenyewe, unaweza kumnyooshea kidole. Nikakaa na kila mmoja wao nikamuuliza afande alisema nini hasa, neno kwa neno. Wote walijibu kitu kimoja: aliuliza kama tumefunga. Nakumbuka nilikuwa nimeshika kikombe cha uji wa futari, na nilikiweka chini taratibu kabisa kama kitu kinachoweza kulipuka. Nikamwambia shangazi. Akaanza kucheka huku ameshika kifua, "Ya Rabi, Zubeda, nikamwambia mwili unazoea!" Kwake siku ile jambo lilikuwa limeisha. Kosa la neno, nani atakataa kulisahihisha? Utaenda, utaeleza, watacheka kama tulivyocheka, watachora duara.

Tulikwenda ofisi ya mji watatu, shangazi, mimi na Waiswa, ambaye tulimchukua awe shahidi. Bwana wa mezani alikuwa na chupa ya chai na sahani ya mihogo ya kuchemsha, na alitusikiliza huku anamenya. Shangazi akaeleza vizuri, bila kulalamika. Waiswa akasimama wima kama yuko mahakamani.

"Bwana, ni kweli kabisa. Hata mimi nilijua wanauliza mambo ya Lamadhani. Ndiyo maana nilisema mimi nakula."

Bwana yule akaacha kumenya. "Kwa hiyo wewe ulijibu habari ya chakula?"

"Ndiyo, bwana."

"Biashara yako iko wazi?"

Waiswa akatazama dari. "Biashara..."

"Maana kama huyu mama kakosewa, basi na wewe umekosewa. Tukifuta msalaba wake tunafuta na duara lako. Ndivyo unavyotaka?"

Sijapata kuona mtu akipungua mwili mbele ya macho yangu namna ile. Waiswa ana watoto wanne. Alikuwa ameshaahidiwa mashine mpya za kunyolea na muuzaji aliyeliona duara. Akamwangalia shangazi, shangazi akatazama mihogo ili asimtazame. "Hapana, bwana," Waiswa akasema kwa sauti ndogo. "Mimi... labda mimi nilielewa vizuri." Tulirudi kwa miguu. Njiani shangazi akamnunulia muwa kipande, akampa, akamwambia, "Kula, wewe si unakula tu?" Na hapo ndipo Waiswa alipolia, mtu mzima, katikati ya barabara, na muwa mkononi. Msomaji anaweza kumlaumu. Mimi hasira yangu naielekeza kwingine: kwa mtu aliyebuni meza ambayo jirani akisema ukweli anainuliwa kwenye chakula chake. Yule bwana alimaliza mihogo yake.

Ramadhani ikapita, Idi ikapita bila sala ya uwanjani, amri zikalegezwa kidogo, na ikatangazwa siku ya kuwakabidhi wenye duara mtaji wao, kwenye uwanja wa shule kule Mafubira. Siku chache kabla, mwanamke wa ofisi ya mji akaja kwa shangazi. Wageni watakuwa wengi na walihitaji mpishi. Hoteli nyingine ama zimefungwa kweli ama hazina sufuria kubwa, na kila aliyeulizwa alimtaja Hajati wa Nalufenya. Alisimama akiongea hayo mbele ya mlango wenye msalaba, mgongo wake karibu unaugusa.

"Shangazi, utawapikia?" nikamuuliza alipoondoka.

"Wana njaa?"

"Hapana. Wana sherehe."

"Basi ni wateja."

"Wamesema wewe umekufa."

"Ndiyo waje waonje maiti anavyopika. Menya vitunguu."

Tulipika tangu alfajiri, uwanjani kwenyewe, sufuria tatu za pilau juu ya mafiga ya matofali, na kisra zilizopangwa ndani ya ungo kama kurasa. Viti vilikuwa vimeachanishwa kama ilivyotakiwa. Mkubwa mmoja akahutubia kuhusu biashara ndogo ambazo ni uti wa mgongo wa nchi, na mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake nikifukuza nzi juu ya nyama. Waiswa aliitwa, akapokea, akapigwa picha, hakucheka. Kisha watu wakaletewa sahani, na yule afande, ambaye sikuwa nimemwona tangu mchana ule, akaja mwenyewe jikoni kuongeza. Bila barakoa alikuwa na uso wa mtu mwema aliyechoka. Akararua kisra, akachovya mchuzi, akafumba macho.

"Mama, hii nakumbusa mimi chakula ya nyumbani. Mkono kama hii, sasa kwa nini wewe ulifunga?"

Shangazi alikuwa anakwangua ukoko. Hakuinua kichwa.

"Ilikuwa Ramadhani, afande."

Akaendelea kutafuna. Kisha akatafuna polepole. Kisha akaacha.

"Ati?"

"Uliniuliza mchana wa Ramadhani kama nimefunga. Nikakujibu nimefunga. Chakula, afande. Jiko halijazimika hata siku moja."

Afande akatazama sahani yake, akatazama moto, akanitazama mimi kana kwamba mimi ningesema hapana. "Na ile fundi ya nguo? Na mtu ya nyama?"

"Wote Waislamu."

"Kumbe," akasema. "Kumbe, kumbe." Akaweka sahani juu ya tofali, akavaa barakoa yake, na sitamsahau kwa kile alichofanya baadaye: alikwenda moja kwa moja hadi meza kuu, mbele ya watu, akainama kwenye sikio la mkubwa wake na kueleza. Nilimwona akionyesha mdomo wake, akichora mlango hewani, akipaka msalaba juu yake. Mkubwa akatabasamu. Afande akarudi na jibu. Jinja haiwezi kufuta alama. Majina yamekwenda ofisi ya kanda, Mbale. Mama aende huko aeleze mwenyewe, na yeye afande yuko tayari kupigiwa simu akiri kwamba aliuliza vibaya. Alimwandikia shangazi namba yake kwenye kiganja kwa kalamu, kwa sababu hakukuwa na karatasi. Miongoni mwa wote waliohusika, ni askari yule peke yake aliyesema, kwa mdomo wake, "Mimi nakosea."

Tulifika Mbale usafiri uliporuhusiwa. Shangazi alilala chumbani kwangu Malukhu, chumba ambacho nilikuwa nimekilipia miezi yote ile bila kukikalia, kimejaa vumbi na harufu ya madaftari. Jirani yangu alitupikia malewa, na shangazi, aliyekuwa hajawahi kuyala, akayatafuna kwa tahadhari akisema yana ladha ya moshi wa mtu mwingine. Alikuwa na matumaini. Usiku alilipiga pasi baibui lake mara mbili. Asubuhi mlima Wanale ulikuwa umejifunika mawingu, na maporomoko yake yalionekana kama nyuzi nyeupe zilizosahauliwa juu ya mwamba. "Mji mzuri," akasema. "Watu wake watasikia."

Walisikia vizuri mno. Ofisa alikuwa kijana, amesoma, pengine alikaa kwenye madawati yaleyale niliyokaa mimi. Shangazi alipofika kwenye "mwili unazoea" ofisa alikuwa ameshalaza kichwa mezani kwa kicheko. "Subiri, mama, subiri." Akatoka, akarudi na wenzake wawili. "Mama, rudia, hawa hawajasikia." Shangazi akarudia. Wakacheka wote, wakamwita mwingine wa ghorofa ya chini, na shangazi akarudia mara ya tatu, sasa akiigiza na sauti ya afande, kwa sababu aliona wanafurahi na alidhani furaha yao inampeleka karibu na duara. Walimletea chai. Walimwita mama yetu. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kona nikiwa na namba ya afande niliyoinakili kwenye karatasi, na nikauliza mara mbili kama wangependa kumpigia. Mmoja wao akanisogezea sukari. Walipotosheka, yule ofisa akavuta pumzi, akafuta macho, akasema kwa masikitiko ya kweli kabisa:

"Mama, umenifurahisha leo. Tatizo ni moja tu. Mfuko umeshafungwa."

"Umefungwa?"

"Tangu wiki iliyopita."

Shangazi akamtazama. Alikunywa chai yake mpaka ikaisha, akaweka kikombe juu ya kisahani.

"Umefungwa, mwanangu, au umefunga? Maana kama umefunga, tutakaa hapa tusubiri magharibi."

Ile ndiyo kauli ambayo bwana wa tai ya kijani aliitia kinywani mwa ofisa. Ni ya shangazi. Aliisema akiwa ameshajua kwamba amepoteza, kwa sauti ambayo mimi mtoto wa kaka yake niliitambua na wao hawakuitambua, na wao walicheka kuliko mara zote, mmoja akapiga meza. Hapo mimi nikasimama nikawauliza mambo. Nani aliamua biashara ya mtu ipimwe kwa swali moja la neno moja? Kwa nini wanaojua biashara hawakutumwa milangoni? Kosa ambalo kila mtu aliyemo humu amelielewa kiasi cha kulicheka, linakosaje mtu wa kulirekebisha? Ofisa akaacha kucheka. "Dada, usilete siasa," akasema. "Mama alijibu mwenyewe kwa mdomo wake." Shangazi akanishika mkono. Tukashuka ngazi. Barabarani aliomba tupite sokoni anunue karanga, kwa sababu za Mbale ni nzuri.

Mwenye nyumba alisubiri mpaka mwisho wa mwezi ule, kwa hiyo hata yeye alikuwa na ubinadamu kuliko mfuko. Waiswa alitusaidia kubeba sufuria, akibeba kubwa zaidi peke yake, akikataa kupokezana. Leo chumba kile ni cha kubeti mpira. Mlango ulipakwa bluu, lakini jua la saa tisa likiupiga, msalaba unaonekana chini ya bluu kama mshipa. Vijana wanaegemea hapo wakisubiri matokeo. Shangazi anaishi Mafubira na anapika kwa oda, kwenye ua mdogo, sufuria moja kwa wakati. Sufuria kubwa mbili zimelazwa ubavu kwenye kona na kuku wanalala ndani yake. Ukimuuliza habari ya mwaka ule halaani mtu. Kulaani ananiachia mimi, na naifanya kazi hiyo kwa moyo wote. Kila mara ninapowasikia waheshimiwa wakijisifu redioni jinsi walivyowaokoa wafanyabiashara wadogo wakati wa korona, nauliza kwa sauti, hata kama niko peke yangu: mliwauliza kwa lugha gani, na mlisubiri jibu?

Pale mezani Malukhu, kicheko kilipopoa, nilisema, "Hawakumpa." Wakadhani naongeza kichekesho, wakanisubiri nimalizie. "Anaitwa Rukia," nikasema. "Hawakumpa, na maneno ya magharibi ni yake." Bwana wa tai ya kijani akasema ah, dada, ni utani tu, na mtu akaita soda. Basi nikayaandika hapa.

Ramadhani iliyopita nilikwenda kwake. Alasiri tulikuwa uani, yeye kwenye kikaango, mimi nakunja kisra, wakati mteja alipobisha kwenye mabati ya geti. Ilikuwa sauti ya mwanamke, jirani mgeni asiyejua lolote.

"Hajati! Hodi! Umefunga?"

Nilimwona shangazi akikaza shingo. Midomo yake ilikuwa mikavu. Alikuwa hajanywa maji tangu daku. Neno lile la kufunga alikuwa nalo kwenye ibada tangu utoto, wazee wake walikuja nalo kambini walipokuwa askari. Akageuka kuelekea getini na kujibu kwa sauti ambayo hata mtaa wa pili ungesikia.

"Hapana, mama! Nina saumu, lakini sijafunga! Sema unataka ngapi!"